Kovu la Siku ya Kwanza



Maneno yangu ya leo ni juu ya kovu. Kila mmoja wenu ajitazame mkononi. Aliyezaliwa Tanzania aghalabu ataliona katika bega la kulia. Aliyezaliwa Kenya ataliona katika mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja. Ni kovu dogo la mviringo. Ukimwuliza mtu ni la nini, atakujibu kwamba ni la chanjo ya kifua kikuu. Jibu hilo ni la haki, lakini si jibu lote. Chanjo ile ina kazi nyingine ambayo wenyewe walioitengeneza hawakuikusudia, na kazi hiyo yawahusu hasa watoto wachanga katika majuma yao ya kwanza. Habari hiyo ndiyo niliyokuja nayo.

Kwanza tujue ilikotoka. Mwaka 1908, katika mji wa Lille, kaskazini ya Ufaransa, walikuwako watu wawili: Albert Calmette, tabibu wa watu, na Camille Guérin, tabibu wa wanyama. Walitwaa kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho ni ndugu wa kile cha wanadamu, wakakiotesha juu ya vipande vya viazi vya Kizungu vilivyopikwa pamoja na nyongo na gliserini. Kila baada ya majuma matatu walikihamisha juu ya kiazi kipya, kama mkulima ahamishavyo miche. Vita vya 1914 vikaja, Wajerumani wakauteka mji wa Lille na kuushika muda wa miaka minne, wala wale wawili hawakuacha kazi yao. Walihamisha mara 230, kwa muda wa miaka 13, hata kijidudu kikapoteza ukali wake. Kilikuwa hai bado, lakini hakikuweza tena kuleta ugonjwa kama kwanza. Mwaka 1921, huko Paris, alinyweshwa mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, na bibi aliyebaki kumlea alikuwa na ugonjwa uo huo. Mtoto yule hakuupata. Zile herufi BCG tuzionazo katika kadi za kliniki ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya kijidudu cha Calmette na Guérin.

Haifai kuficha jambo moja. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto zaidi ya 70 walionyweshwa chanjo hiyo walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika maabara ya mji ule chanjo ilikuwa imechanganyika na vijidudu vikali vya kifua kikuu. Hitilafu ilikuwa ya mikono ya watu, si ya chanjo yenyewe. Walakini hofu ilikaa muda mrefu, nami siwalaumu waliokuwa nayo.

Wakati huo huo, katika jimbo la Norrbotten, kaskazini kabisa ya Uswidi, daktari Carl Näslund alikuwa akiwapa watoto wachanga chanjo hiyo tangu 1927. Alipohesabu vifo, aliona jambo asilolitazamia. Watoto waliochanjwa walikufa wachache sana kuliko wasiochanjwa, na tofauti ilikuwa kubwa kupita hesabu ya vifo vya kifua kikuu. Kwa maneno mengine, walionekana kuokoka katika maradhi ambayo chanjo ile haikutengenezwa kuyazuia. Mwaka 1932 aliandika kwamba yamkini BCG huamsha nguvu ya mwili kwa jumla.

Hilo lilikuwa fumbo kubwa. Kila mwanafunzi ajua kwamba chanjo hufundisha mwili kumtambua adui mmoja. Aliyechanjwa surua hukingwa na surua. Haikuandikwa popote kwamba atakingwa na pepopunda. Tena hesabu ya Näslund ilikuwa na upungufu mmoja, na upungufu huo ninyi wanafunzi mwapaswa kuuelewa vizuri, maana mtakutana nao maisha yenu yote. Wazazi waliokubali chanjo hawakuwa lazima sawa na wale waliokataa. Pengine walikuwa na nyumba bora, au chakula zaidi, au walikaa karibu na daktari. Basi utajuaje kama mtoto aliokoka kwa chanjo au kwa maziwa? Njia ya kujua ni kura. Chukua watoto walio hali moja, uwagawe kwa bahati tupu, hawa wapate, hawa wangoje, kisha uhesabu. Näslund hakufanya kura, na habari yake ikawekwa kando miaka mingi.

Sasa tuvuke bahari mpaka Guinea-Bissau, nchi ndogo ya Afrika ya Magharibi iliyotawaliwa na Wareno. Mwaka 1978 alifika huko Mdenmark mmoja, Peter Aaby, ambaye elimu yake ilikuwa ya desturi za watu, si ya dawa. Yeye na wenzake walianza kazi katika mtaa wa Bandim, mjini Bissau: kuandika kila mtoto anayezaliwa, kila anayechanjwa, na kila anayekufa, nyumba kwa nyumba, mwaka baada ya mwaka. Ni kazi ya daftari, haina fahari yoyote. Lakini mimi nimewaona vijana wengi wakidharau kazi ya daftari, nao hawajui kwamba elimu kubwa hutoka humo.

Katika nchi ile, kama katika nyingine nyingi, mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 alikuwa hachanjwi BCG mpaka aongezeke mwili. Watu walimwonea huruma, wakaona sindano itamzidishia taabu. Basi hapo ndipo kura ilipowezekana pasipo kumdhulumu mtu. Nusu ya watoto hao walichanjwa mara moja, na nusu waliachwa wangoje kama ilivyokuwa desturi. Kazi hiyo ilifanywa mara tatu. Hesabu zote zilipojumlishwa na kutangazwa mwaka 2017, ilionekana kwamba katika mwezi wa kwanza wa maisha vifo vya waliochanjwa mapema vilikuwa pungufu kwa 38 katika kila 100.

Fikirini vema jambo hilo. Mtoto wa majuma mawili hafi kwa kifua kikuu, maana ugonjwa ule hutambaa polepole. Hufa kwa vijidudu vilivyoingia katika damu, hufa kwa kichomi. Na humo ndimo vifo vilimopungua. Tena wanyonge wale, ambao huruma ya watu iliwanyima sindano, ndio iliowafaa.

Hapa karibu nasi, Entebbe, kando ya Ziwa Nyanza, lilifanywa jaribio jingine. Watoto 560 waligawanywa kwa kura: wengine walichanjwa walipozaliwa, wengine katika juma la sita. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Katika majuma sita ya kwanza, waliochanjwa mapema waliugua maradhi ya kuambukiza yasiyo kifua kikuu pungufu kwa kadiri ya 29 katika 100. Wale wengine walipokwisha kuchanjwa nao, tofauti ikatoweka. Kwangu mimi, kutoweka kule kwa tofauti kuna nguvu ya ushahidi kuliko hesabu yenyewe.

Jambo hilo huwezekanaje? Hapo sina budi kurudi nyuma hata mwaka 1882, kwa Mrusi mmoja jina lake Ilya Metchnikoff, aliyekuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily na kuchunguza viumbe vya baharini. Ninyi wa pwani mwakijua kiti cha pweza. Vitoto vyake ni vidogo mno, na miili yao ni myangavu kama kioo, hata kwa darubini waweza kuona yaliyomo ndani. Metchnikoff alichoma miiba ya mwaridi katika vitoto hivyo. Kesho yake asubuhi aliona chembe zitembeazo zimekuja kutoka pande zote na kuuzunguka mwiba kama siafu wanaozunguka nyama. Akatambua kwamba mwili una walinzi wanaomeza kila kitu kigeni. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Sisi nasi tunao walinzi hao katika damu yetu. Ni walinzi wa mlangoni. Mlinzi wa mlangoni hamjui mwizi kwa jina wala kwa kabila. Humpiga kila arukaye ua. Nyuma yao wako askari wa namna nyingine, ambao hukawia siku nyingi kujiandaa, lakini wakiisha kumjua adui fulani hawamsahau. Chanjo kwa kawaida huwafunza hao askari wa nyuma. Lakini mtoto mchanga amekuja duniani jana. Askari wake wa nyuma bado hawamjui mtu. Anazo silaha alizopewa na mama yake tumboni, na anazo zile zilizomo katika maziwa, hasa maziwa ya kwanza ya manjano ambayo kwa masikitiko bado yako majumba yanayoyamwaga. Mbali na hizo, maisha yake yamo mikononi mwa walinzi wa mlangoni.

Vitabu vya zamani vilisema kwamba walinzi hao hawana kumbukumbu, kwamba leo na kesho kwao ni mamoja. Mwaka 2011 wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, wakiongozwa na Mihai Netea, mzaliwa wa Rumania, walisema la, hao nao hufunzika. Mwaka uliofuata walitoa ushahidi. Waliwachanja BCG watu wazima wenye afya, wakachukua damu yao kabla ya kuchanjwa, kisha baada ya majuma mawili, kisha baada ya miezi mitatu. Chembe za ulinzi zilizotoka katika damu ile walizikutanisha na vijidudu vya jamii nyingine kabisa, kama vile vya majipu, na kuvu wa utando mweupe wa kinywani. Baada ya chanjo chembe zilitoa ishara za vita kwa nguvu kuliko kwanza, na miezi mitatu baadaye nguvu hiyo ilikuwapo bado.

Ni kitu gani kilichozifunza? Ni kipande cha ukuta wa kijidudu. Bakteria karibu wote wamezungukwa na ukuta, na katika ukuta huo mna kipande kidogo kiitwacho muramili-dipeptidi, ambacho mwili wa mwanadamu hautengenezi kamwe. Kwa hiyo kikionekana ndani ya mwili, maana yake ni moja tu: mgeni ameingia. Ndani ya chembe ya ulinzi mna kitu mfano wa kufuli, jina lake NOD2, na kipande kile ndicho ufunguo wake. Wako watu wachache waliozaliwa na kufuli hiyo mbovu. Chembe za watu hao zilipojaribiwa hazikufunzika.

Ufunguo ukigeuka, hutokea hivi. Katika kiini cha kila chembe mna maagizo yote ya kazi yake, yameandikwa katika uzi mrefu uliokunjwa sana, kama jamvi lililowekwa darini. Agizo lililo ndani ya mkunjo halisomeki upesi. BCG ikipita, baadhi ya mikunjo hubaki imelegea, ile hasa yenye maagizo ya vita, hata adui mwingine akija, jamvi limekwisha tandikwa. Mwanafunzi hodari ataniuliza: chembe hizo huishi siku chache tu, basi mafunzo hukaaje miezi? Mwaka 2018 ilionekana katika panya kwamba mafunzo hushuka mpaka ndani ya uboho wa mifupa, kwa chembe mama zinazozaa walinzi. Mama akifunzwa, watoto huzaliwa wamefunzwa.

Sasa nisije nikawapotosha kwa kusema mazuri matupu. Huko India zilifanywa kura mbili kubwa kwa watoto wenye uzito mdogo, matokeo yakatangazwa mwaka 2019, na vifo havikupungua. Yafaa mjue kwamba BCG, kwa kuwa ilioteshwa katika nchi mbalimbali miaka mingi, leo ni mbegu kadhaa, kama mihogo ilivyo na mbegu zake; India walitumia mbegu ya Kirusi, Bissau mbegu ya Denmark. Lakini hata Denmark kwenyewe, watoto zaidi ya 4,000 walipogawanywa kwa kura, waliochanjwa walilazwa hospitali sawasawa na wasiochanjwa. Huenda mahali palipo na maradhi machache mlinzi hodari hana la kufanya. Na tauni ya Korona ilipokuja mwaka 2020, wengi walitumaini kwamba BCG itawakinga watu wazima. Wahudumu wa hospitali karibu 4,000 katika nchi tano waliingia katika kura, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba haikuwakinga na ugonjwa ule. Basi mtu mzima asiende kuomba achanjwe tena kwa habari hii yangu.

Tena ziko dawa nyingine za jamii hii, zitumiwazo Ulaya: vidonge vyenye bakteria waliouawa na kupondwa, wapewavyo watu wanaougua kifua mara kwa mara. Kimoja kitokacho Uswisi kina bakteria wa namna nane. Mwaka 2019 baraza la dawa la Ulaya lilizichunguza, likaamua zitumike kuzuia tu maradhi ya njia ya pumzi yanayorudi rudi, wala si kuyatibu, wala si kwa kuzuia kichomi. Na wenye kuzitengeneza wakaamriwa walete ushahidi zaidi. Nayataja haya kwa kuwa katika masoko yetu na stendi za mabasi huuzwa unga na maji ya rangi yasemwayo kwamba huongeza kinga ya mwili. Mwuzaji akikuambia hivyo, mwulize kwa adabu: ilijaribiwa kwa kura? Wapi? Kwa watu wangapi? Akikasirika, umekwisha pata jibu lako.

Nirudi kwa watoto. Mwaka 2022 watoto milioni 2.3 duniani walikufa kabla hawajatimiza mwezi mmoja, wengi wao katika nchi za hali kama zetu. Shirika la Afya Duniani lashauri BCG itolewe mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na mwaka 2018 lilieleza kwamba hata mwenye uzito mdogo, maadamu ana afya, aweza kupewa. Wa kuacha ni yule ajulikanaye kuwa na virusi vya Ukimwi ambaye bado hajatengemaa kwa dawa. Huyo daktari ndiye atakayesema lini.

Kwa nini basi wengi hucheleweshwa? Sababu moja iko kwetu nyumbani. Desturi ya pwani ni kwamba mzazi na mtoto wakae ndani hata arobaini itimie. Sina neno na desturi hiyo. Yampa mama raha na humwepusha mtoto na mikono ya wageni wengi. Lakini siku ya kutoka hospitali huwa kabla ya arobaini kuanza, na sindano yaweza kuchomwa siku hiyo hiyo. Aliyezalia nyumbani, baba au bibi na aulize kituoni siku za karibu, mtoto afunikwe vizuri, apelekwe na kurudi.

Sababu ya pili iko kituoni. Chanjo hii huja ikiwa unga mkavu katika kichupa, mara nyingi cha watoto 20. Ikiisha kutiwa maji yake, haidumu. Baada ya saa sita ile iliyobaki hutupwa. Mwuguzi mwenye mtoto mmoja asubuhi ile huona uchungu kufungua kichupa kwa ajili yake, husema, "Mama, njoo Alhamisi, watakapokuwa wengi." Mama ametembea saa tatu. Alhamisi mvua yanyesha, na Alhamisi ya pili ni siku ya kupanda. Namwelewa yule mwuguzi, maana amefundishwa kwamba kutupa dawa ni aibu. Lakini alifundishwa hivyo watu walipodhani kwamba adui wa pekee wa kuogopwa hapa ni kifua kikuu, ambacho kinaweza kungoja juma moja. Vijidudu vya damu havingoji. Hesabu ya Bissau yaonyesha ya kuwa faida ilianza kuonekana katika siku chache za kwanza. Dozi 19 zilizomwagwa ni hasara ya fedha kidogo, nami naona wakubwa wa idara waseme wazi kwa wauguzi wao kwamba hawatalaumiwa kwa kichupa kilichofunguliwa kwa mtoto mmoja. Mpaka waseme, mzazi na aulize mapema, akiwa bado mjamzito, siku gani kichupa hufunguliwa, na wazazi wa kijiji kimoja waweza kupatana kwenda pamoja.

Neno la mwisho ni juu ya kidonda. Baada ya majuma mawili au zaidi, pale palipochomwa patavimba kidogo, kisha patatoa usaha, kisha patakauka. Mabibi wengi huona hapo kwamba sindano ilikuwa mbaya, hupaka majivu au majani au mafuta ya taa. Msipake kitu. Msikamue, wala msifunge kitambaa. Osheni mtoto kama kawaida, mwacheni. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, au tezi za kwapani zikivimba, mrudisheni kituoni akaonwe. Na kovu likitokea, msilisikitikie hata kama mtoto ni wa kike na mwapenda mkono wake uwe laini. Katika hesabu za Bissau, miongoni mwa waliochanjwa wote, wale walioota kovu walikufa wachache kuliko wale ambao ngozi yao ilibaki bila alama.